Kuku Aliyemfuata Baba Mkwe

Mwezi wa tisa, siku ya 24

Umande umeganda leo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kijiji kizima cha Liugou kimehamia kwenye mitungi. Kila ua una beseni la majani ya figili na ya viazi vitamu, na wanawake wana mikono myekundu mpaka viwikoni. Majani huchemshwa kidogo, hushindiliwa mtungini, humwagiwa maji, hukandamizwa na jiwe, na huliwa mpaka ngano mpya. Ndivyo tunavyoishi. Kama daktari Peng wa wilayani anasema kweli, ndivyo tunavyokufa pia.

Daftari hili nimepewa na yeye, baada ya mafunzo ya siku kumi ya uhudumu wa afya. Mbele ni la wagonjwa. Kurasa za nyuma nimejigawia mwenyewe, maana nyumbani sina wa kuongea naye. Mume wangu Jinhe yuko mgodini mpaka Mwaka Mpya, binti yetu Xiaoman ana miaka sita, na baba mkwe nimegombana naye leo.

Chanzo ni mtungi. Nilimwambia kwa upole, au nilidhani ni upole, "Baba, mwaka huu tusitie majani."

"Tutakula nini na uji? Maneno ya daktari?"

"Ule ukungu mweupe wa juu una madhara, Baba. Mama alikufa kwa kukwama. Mdogo wako alikufa kwa kukwama. Nyumba tisa zimezika watu wa kukwama kwa miaka mitatu."

"Mama yenu alikufa kwa hasira alizomeza, za kaka zake. Usiyasingizie majani."

Hapa kwetu kila mtu anaamini hivyo. Anayeanza kukwamwa na chakula kooni, watu hawaulizi amekula nini, wanauliza nani kamuudhi. Kisha nikamwona anachota kata moja ya maji ya mwaka jana kutoka chini ya mtungi na kuyatenga ili yachachushe ya mwaka huu, kama mama mkwe alivyokuwa akifanya. Kazi ya wanawake, na wanaume wenzake humcheka, lakini tangu mama afe miaka minne iliyopita hamruhusu mtu kuigusa. "Mkono wake umo humu," alisema.

Nikasema, "Basi kunywa mpaka umfuate!"

Nilipiga kelele. Kichwa cha shangazi Fan, jirani yetu, kiliinuka juu ya ukuta na majani mkononi. Baba mkwe alinitazama, akaendelea kuchota. Mtungi umejazwa.

Mwezi wa tisa, siku ya 27

Hatuongei. Uji.

Mwezi wa kumi, siku ya 3

Nimeomba radhi. Alisema, "Mama Xiaoman, maneno ni upepo," akanituma kuni. Nimepona moyo kidogo.

Asubuhi nilipita kiwanja cha kulia nikienda kliniki. Wanaume wote hubeba bakuli la uji na mkate wa mahindi, wakachuchumaa kuzunguka jiwe kuu la kusagia, wakala na kutaniana. Sisi wanawake hula jikoni tumesimama. Baba mkwe ana jiwe lake la kukalia, upande wa ukuta, na katikati ya miguu yake anakaa Madoa, kuku wetu jike mzee. Anamfuata kutoka nyumbani mpaka kiwanjani kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

Wanshun, kiongozi wa kikosi chetu cha shamba, alikuwa anamtania. "Mzee Tianbao, huyo bibi harusi wako mpya ananenepa!"

"Wako je? Huyo wako hata makombo humpi."

Walicheka wote. Nami nilicheka.

Mwezi wa kumi, siku ya 10

Daktari Peng amekuja kwa baiskeli, matope mpaka magotini. Anataka kuku wazee, wale wanaokula mabaki ya nyumbani. Nilidhani ana njaa. Akasema tuwachinje atazame makoo yao.

Shangazi Fan alitoa wake, shingo yake ilikuwa imevimba na alikuwa ameacha kutaga. Peng alimpasua juu ya meza ya kliniki mbele ya watu kama thelathini. Ndani ya koo kulikuwa na uvimbe mkubwa kama karanga yenye ganda lake.

"Haya," Peng akauliza, "huyu kuku naye ameudhiwa na nani?"

Watu wengine walicheka kwa woga. Shangazi Fan hakucheka. "Amekula mtungi wangu miaka sita," alisema.

Peng alimtaka na Madoa. Baba mkwe alimbeba kifuani, akafunga koti juu yake. "Huyu hapana. Huyu ni mwenzangu wa kula."

Mwezi wa kumi, siku ya 15

Nimepita nyumba kwa nyumba. Msile ukungu. Kuleni mboga mbichi zikiwapo, anikeni majani juani badala ya kuyachachusha, mkate ulioota ukungu utupeni. Wananijibu kwamba majani makavu hayana ladha, na mkate ukitupwa watoto watakula nini. Yote mawili ni kweli.

Shangazi Fan alisubiri nimalize, mikono kiunoni. "We mama Xiaoman, mtungi wako umesimama pale uani, naunusa kutoka kwangu. Mwaga wako kwanza, ndiyo uje kwangu na hicho kidaftari."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ana haki.

Mwezi wa kumi, siku ya 19

Leo naandika mpaka wino uishe!

Asubuhi wanaume wakiwa bado wanakula, baba mkwe alitoka uani na mtungi kwenye mkokoteni. Niliacha ufagio nikamfuata. Aliusukuma mpaka kiwanja cha kulia, akauinamisha pale kwenye mfereji. Majani yote, maji yote, hata yale ya zamani ya mama. Harufu ilijaa kijijini. Alikung'uta mtungi mara tatu kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Mzee Tianbao umerukwa na akili?" Wanshun alisema. "Utakula nini mpaka ngano?"

"Nimeyala miaka sitini na moja, yananitosha. Mkwe wangu kasoma siku kumi, mimi sijasoma hata moja. Nani ana akili hapa?"

Walicheka. Lakini kabla ya mchana Wanshun alimwaga wake. Jioni shangazi Fan alimwaga nusu, nusu nyingine anasema ni ya wageni. Mpaka sasa ni mitungi kumi na minne! Peng alisema tukipata mitano mwaka huu tutakuwa tumefanya kazi.

Niliporudi nilimkuta baba mkwe ameketi kizingitini, Madoa mapajani. Nilitaka kumwambia asante, nikashindwa, nikamkorogea yai. Akasema mpe Xiaoman, yeye ameshiba. Nimelia kwa furaha jikoni. Sijawahi kumpenda mzee huyu kama leo.

Mwezi wa kumi, siku ya 26

Baridi. Nimeanika majani ya kabichi kwenye kamba ya nguo.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya 6

Siku tatu za puto. Ni kiputo kidogo cha mpira kilichovishwa wavu, kwenye mrija mwembamba. Mtu anakimeza, tunakijaza hewa tumboni, tunakivuta juu polepole, na kile kilichonasa kwenye wavu tunakipaka kwenye kioo ili Peng akitazame mjini. Kinaumiza na kinatia kichefuchefu. Nilimeza wa kwanza mbele ya wote, machozi yakinitoka, nikajitahidi kutabasamu. Shangazi Fan alimeza na kutukana. Wanshun alisema kiongozi humeza wa mwisho, na ilipofika zamu yake alikuwa na mkutano.

Baba mkwe alikwenda mlimani kukata kuni, siku zote tatu.

Nilimngoja mpaka Peng akafunga masanduku. Daftari la puto lilitakiwa likamilike, kila mwenye zaidi ya miaka thelathini, na nyumba ya mhudumu wa afya nayo ilikuwa na pengo. "Ana dalili yoyote?" Peng akauliza.

"Anakula mikate miwili kila asubuhi mbele ya kijiji kizima," nilisema. Nikaandika kwa mkono wangu: *Yuan Tianbao, miaka 61, anakula vizuri.*

Mwezi wa kumi na moja, siku ya 20

Theluji. Baba mkwe anakunywa maji ya uji tu jioni. Anasema ameshiba kiwanjani.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya 29

Majibu yamekuja. Wanawake wawili watapelekwa wilayani mapema, na Peng anasema mapema maana yake watapona. Mimi sina kitu. Nilijiona mtu wa maana leo.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya 8

Koti la baba mkwe limekuwa kubwa. Nilidhani limeachia mshono nikataka kulishona, akakataa kulivua. Labda anaukumbuka mtungi. Labda anamkumbuka mama. Nimemwekea chumvi zaidi kwenye uji.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya 14

Uji.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya 21

Nitaandika, la sivyo nitapasuka.

Nilimkuta Xiaoman asubuhi anakula ukoko wa mkate nyuma ya banda. Nilimuuliza nani kampa.

"Babu. Madoa anakula ndani, mimi nakula ukoko."

"Ndani ya nini?"

"Ya mkate wa babu. Kila siku. Mama, usimwambie nimekwambia, ni siri yetu watatu."

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Kisha nilikimbia. Wanaume walikuwa kiwanjani na uji wao. Nilisimama nyuma ya ukuta na kwa mara ya kwanza nilitazama, si kama mtu anayepita. Baba mkwe alimega mkate, akaupeleka mdomoni, akatafuna akiongea na Wanshun, akacheka. Kisha aliinama kama mtu anayejikuna mguu, na kilichokuwa mdomoni kikaenda kwa Madoa. Akafuta ndevu. Akanywa maji ya uji kidogo kidogo, kidevu juu, na kila funda niliona kifua chake kinavyosubiri. Alipomaliza aliinua bakuli tupu na kusema kwa sauti, "Mkwe wangu anajua kupika!"

Mimi! Mimi niliyebeba mrija nyumba themanini nikiwauliza watu kama chakula kinashuka. Ndani ya nyumba yangu sikuuliza.

Nilimngoja uani. Aliponiona alijua.

"Tangu lini, Baba?"

"Kaa kwanza."

"Tangu lini!"

"Wakati wa ngano. Mkate uligoma siku moja, kesho yake ukapita. Nikasema vumbi la kupura."

Ngano ni mwezi wa tano. Nilihesabu kwa vidole kama mjinga. "Ungeniambia mwezi wa nane, nilipotoka mafunzoni. Ungeniambia siku ya puto!"

Alikaa kwenye kizingiti, akamweka Madoa chini. "Nilitaka kukwambia. Nilikuwa natafuta siku. Kisha tukagombana, na yule mama wa ukutani akasikia. Ningekwambia baada ya pale, kijiji kingesema nini? Kwamba Tianbao amekwama kwa sababu mkwewe alimwambia afe. Ungeingia nyumba gani na mrija wako? Nani angekufungulia?"

"Nisifunguliwe! Wasinifungulie maisha yangu yote!"

"Acha utoto. Wameshamwaga mitungi kumi na minne."

Hapo nilielewa, na sikutaka kuelewa. "Na mtungi wetu? Uliumwaga kwa nini?"

"Majani yalikuwa hayapiti tena," alisema. "Nilikuwa nayatazama tu. Nikasema basi yasaidie kitu. Ulifurahi sana siku ile, mwanangu, ulinikorogea na yai. Nikaona nisikuharibie."

Nilimshika miguu. Miguu ya mzee wangu ni mifupa na soksi.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya 24

Tumetoka wilayani kwa mkokoteni. Peng alitazama, akanitoa nje. Mrija wenyewe haukupita. Alisema wakati wa kiputo pengine kungekuwa na njia. Kisha akasema hapana, hajui, nisijitese. Amesema yote mawili, na mimi nimesikia la kwanza.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya 28

Jinhe amerudi kutoka mgodini. Njiani amekutana na shangazi Fan, kwa hiyo aliingia akiwa amenuna. Hakuvua hata kofia.

"Ulimwambia nini baba yangu?"

"Nilimwambia maneno mabaya. Lakini ugonjwa ulianza kabla."

"Kabla ya nini? Kijiji kizima kilisikia. Mtu mzima anaambiwa afe na mke wa mwanawe, apumulie wapi?"

Baba mkwe alimwita kwa mkono. Sauti imebaki kidogo. "Ulianza kwenye ngano, Jinhe. Muulize kuku."

Jinhe aliangua kilio. Anadhani baba ananifichia. Alikuwa ananifichia kwa miezi, na siku anayosema kweli haaminiki.

Siku ya kwanza ya Mwaka

Nilipika vitumbua vya unga vya kujaza. Nilichuja supu yake kwa kitambaa mara mbili. Vijiko vitatu.

Mwezi wa kwanza, siku ya 6

Kijiko kimoja.

Mwezi wa kwanza, siku ya 9

Ameniomba maji ya mtungi. Si kula, kulowanisha ulimi tu. Nilimwambia hatuna, uliyamwaga. Akasema jirani ana nusu ya wageni.

Nilikwenda kwa shangazi Fan nikiwa na kikombe. Mimi, kwa miguu yangu. Nilidhani atanicheka. Alinijazia, akakifuta kikombe pembeni kwa aproni yake. Nilimlowanishia ulimi kwa pamba. Alifumba macho. "Wa kwake una chumvi," alisema. "Wa mama yenu ulikuwa mtamu."

Mwezi wa kwanza, siku ya 11

Amefariki alfajiri. Jinhe alikuwa amemshika mkono, mimi mguu.

Mwezi wa kwanza, siku ya 14

Tumemzika kando ya mama. Wanawake walilia kwa maneno kama desturi, na shangazi Fan alilia kwa sauti kuliko wote: ndugu yangu uliyemeza hasira, ndugu yangu uliyenyamaza. Watu waligeuka kunitazama. Jinhe alitazama chini.

Mwezi wa kwanza, siku ya 22

Jinhe amerudi mgodini. Hakuniaga. Alimuaga Xiaoman na Madoa.

Mwezi wa pili, siku ya 3

Nyumba tano hazikunifungulia.

Mwezi wa pili, siku ya 5

Nyumba saba. Mama mmoja alinisemesha kupitia tundu la mlango: "Wewe hata mzee wako umeshindwa kumponya." Nilirudi nikalala mchana.

Mwezi wa pili, siku ya 17

Wanatia majani mapya ya masika mitungini. Naisikia harufu kutoka nyumba nne, tano. Baba mkwe alikaa na njaa mbele yao msimu mzima wa baridi kwa ajili ya mitungi hii.

Mwezi wa tatu, siku ya 2

Peng ametuma mtu, anataka daftari la puto. Nilifungua ukurasa wa sita. *Yuan Tianbao, miaka 61, anakula vizuri.* Nimefuta kwa mstari mmoja ili yasomeke, nikaandika chini yake: *Hakuwa anakula. Aliyeandika hapo juu alikuwa akiishi naye nyumba moja na hakuuliza.* Nikatia jina langu, Qin Suzhi.

Mwezi wa tatu, siku ya 5

Leo ni siku ya kufagia makaburi. Nilifagia lake na la mama kabla jua halijatoka. Nilirudi nikapakua uji, nikachukua mkate wa mahindi, na badala ya kusimama jikoni nilikwenda kiwanja cha kulia.

Hakuna mwanamke anayekula pale. Mazungumzo yalikatika. Nilikwenda mpaka upande wa ukuta nikachuchumaa kwenye jiwe lake. Madoa alinifuata, akajipanga kati ya miguu yangu.

"Umepotea njia, mama Xiaoman?" mtu mmoja alisema.

"Sijapotea." Niliweka bakuli gotini. "Baba mkwe wangu alikaa hapa. Nilimwambia maneno mabaya mwezi wa tisa, shangazi Fan alisikia na hakudanganya, na nitayabeba mpaka nife. Lakini alianza kukwama wakati wa ngano. Miezi yote hiyo alikaa hapa mbele yenu akitafuna, kisha anamtemea kuku, ili msinisengenye. Ninyi mlimwona anakula. Hata mimi niliandika kwamba anakula."

Shangazi Fan alikuwa amesimama mlangoni kwake na kata mkononi.

"Sasa nauliza," nilisema, "na sitauliza nyumba kwa nyumba tena. Nani mwingine hapa analisha kuku?"

Uji ulikuwa unapoa kwenye mabakuli yote. Mimi nilimega mkate wangu, nikatafuna, nikameza, na wote waliangalia koo langu. Nilikula wote. Madoa aliinua kichwa kila nilipomega, na sikumpa kitu. Alingoja mpaka bakuli likaisha, kisha akaenda kuketi kwenye mfereji.

Saa nne nilikuwa kliniki nachemsha mirija, ingawa sikuwa na mtu. Mlango uligongwa. Wanshun. Alivua kofia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa. Aliufungua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na mkate uliotafunwa, bado unyevu.

"Hicho kiputo chako," alisema, "kinauma sana?"

"Kinauma."

"Tangu sikukuu ya mwezi mpevu, ile ya mwezi wa nane," alisema, na akakaa kitini, akafungua mdomo.